Utepe wa Kijani

Kwenye ukuta wa chumba cha dharura
orodha ya zamu ina majina sita.
Manne nimeyapitishia kalamu mwenyewe:
Ntakwinja kaenda shirika la wageni, wanalipa kwa dola;
Mugoli yuko wodi ya juu, anajifungua, naye anangoja mkunga;
Balagizi kagoma, mwezi wa tisa huu bila hata primu;
wa nne simtaji, tulimzika Jumapili.
Tumebaki Ansima na mimi.
Usiku wa Bukavu hauulizi mko wangapi.

Mvua ilipoanza kule Kadutu
ngazi za udongo zikawa sabuni,
wakaja. Wakaja kwa mgongo, kwa mlango uliong'olewa,
mmoja kaketishwa ndani ya toroli la saruji.
Nilisimama kizingitini na tepe zangu:
mwekundu, sasa hivi;
manjano, vumilia;
kijani, wewe unatembea, kaa pale.
Dakika moja kwa kila mtu. Tulifundishwa hivyo
kwenye semina ya siku mbili, tukapewa na soda.

Anayepiga kelele ana pumzi ya kupigia.
Hilo hawakuliandika ubaoni,
nimefundishwa na benchi.
Baba wa kidole kilichokatika alinitukana hadi ukoo.
Nikamwambia, tukana baba, nakusikia vizuri,
nikampita, nikaenda kwa mtoto aliyenyamaza.
Pumzi sitini na nane kwa dakika.
Tepe nyekundu ziliisha kabla ya saa nne.
Nikachana kilemba changu.

Mama Nabintu, muuza sambaza,
aligongwa na pikipiki pale Essence saa moja jioni.
Alikuja kwa miguu yake, beseni mkononi.
"Tumbo linavuta kidogo tu. Anzeni na wale wa damu."
Nikamfunga kijani.
Akanishukuru.
Nikikumbuka usiku ule naanzia hapo: akanishukuru.

Rangi si jina la ukoo, kwamba mtu hazikwi ila nayo.
Kijani cha saa moja chaweza kuiva saa tatu kikawa chekundu,
lakini wa kurudi kukitazama ni nani?
Ansima alikuwa na mikono miwili ndani ya jeraha moja.
Mimi nilikuwa nasukuma hewa kwa mkono, jenereta limemaliza mazuti,
moja, mbili, achia,
moja, mbili, achia,
na benchi la kijani liko hatua kumi na nne kutoka pale.
Nilizipima baadaye.
Kumi na nne.

Aliyeona ni Cirhuza, mlinzi wa lango,
ambaye kazi yake ni kufungua na kufunga.
Alikuja kofia mkononi.
"Dada, yule mama wa samaki alikuwa anasogeza beseni
kila akipita mtu.
Sasa watu wanaliruka."

Saa nane usiku. Vidole barafu,
mshipa kama uzi uliolowa.
Fundo la utepe nililifungua kwa meno.
Daktari mmoja, meza moja,
na simu ya Cirhuza juu ya vichwa vyetu ikimulika,
asilimia kumi na moja, tisa, sita.

Asubuhi msimamizi akaja na daftari lake.
Wastani wa kungoja?
Nikajumlisha, nikagawanya: dakika thelathini na nane.
Akatabasamu. Mwezi uliopita ilikuwa hamsini.
Saa saba za Mama Nabintu zimo humo,
zimeyeyuka kama chumvi katika sufuria la watu tisini,
na mchuzi, kwa anayeonja kwa mbali,
hauna kasoro.

Yeye yuko kitanda cha tatu, hana wengu tena.
Ameuliza sambaza leo wanauzaje
na nani kala za kwake.
(Tulikula. Ansima na mimi, alfajiri, kwa mikono isiyonawa vizuri.)

Chini ya majina yetu mawili
nimeongeza la tatu, kwa penseli:
Cirhuza, lango, macho.
Msimamizi hajaliona bado.